Uso wa Uzeeni Mbele ya Kisu cha Mpasuaji

Upasuaji wa kukaza uso ni matibabu ambamo daktari hupasua ngozi mbele na nyuma ya sikio, akaitenganisha na tabaka zilizo chini yake, akazivuta na kuzishona upya nyama laini zilizoteremka kuelekea taya na shingo, kisha akakata ngozi iliyozidi na kuuficha mshono katika mkunjo wa sikio na ndani ya nywele. Kwa muda mrefu matibabu hayo yalihesabiwa kuwa mambo ya matajiri wa Paris na New York, na mtu wa Itaba, kwenye vilima vya migomba na kahawa vya Gitega nchini Burundi, angeweza kudhani kwamba hayamhusu hata kidogo. Hivi sasa mama wa miaka 65 anayeishi huko huenda ana mtoto Brussels au Ottawa anayezungumza naye kwa video kila wiki, na simu hiyo hiyo inayomwonyesha wajukuu humwonyesha pia sura yake mwenyewe kwenye kona ya kioo, pamoja na matangazo ya kliniki za Nairobi na Istanbul zinazoahidi kumrudishia ujana. Akiuliza kama jambo hilo linawezekana kwa umri wake, anastahili jibu kamili la kitabibu, lisilo na kicheko wala mahubiri. Jibu hilo halitegemei sana hesabu ya miaka, kwa sababu linategemea zaidi afya ya moyo na mishipa yake ya damu, kitu hasa anachotaka kirekebishwe, na mahali atakapokuwa katika wiki mbili zitakazofuata upasuaji.

Ili jibu hilo lieleweke, yafaa kwanza kufahamu namna uso unavyozeeka, kwa kuwa ngozi ni sehemu moja tu ya mabadiliko hayo. Chini ya ngozi pana mafuta yaliyogawanyika katika vifuko vidogo, chini ya mafuta pana utando mwembamba uliofungamana na misuli inayomwezesha mtu kutabasamu na kufumba macho, na chini kabisa ipo mifupa ya fuvu, na kila moja ya tabaka hizo hubadilika kwa mwendo wake. Matundu ya macho katika fuvu hupanuka kadiri miaka inavyopita, taya la juu hurudi nyuma, na taya la chini hupungua kimo, hasa kwa mtu aliyeng'oka meno, hivyo nyama zilizokuwa zimeegemea mifupa hiyo hukosa tegemeo na kuteremka. Ngozi nayo hupoteza kolajeni, yaani protini inayoipa uimara, kwa takriban asilimia 1 kila mwaka wa utu uzima, na kwa wanawake upotevu huo huongezeka ghafla hedhi inapokoma, kiasi kwamba ndani ya miaka 5 ya mwanzo karibu asilimia 30 ya kolajeni inaweza kuwa imekwisha. Hiyo ndiyo sababu wanawake wengi husema kwamba walizeeka usoni kwa muda mfupi kuliko walivyotazamia, na maelezo yao yanalingana na yale yanayopimwa maabara.

Jua huongeza kasi ya mabadiliko hayo. Mionzi ya urujuanimno, ambayo ni sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho lakini yenye uwezo wa kuharibu nyuzi za ngozi, huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mtu anapopanda mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na wakulima wa Gitega na wa Muyinga, nchini humo humo, hulima kwenye nyanda za juu, mchana, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Hata hivyo ngozi nyeusi ina ulinzi wa melanini, ambayo ndiyo rangi asilia ya ngozi, na tabaka lake la ndani kwa kawaida ni nene zaidi, kwa hiyo makunyanzi membamba hujitokeza kwa kuchelewa ikilinganishwa na ngozi ya Wazungu wa umri huo huo. Malalamiko ya wazee wa Kiafrika kwa sehemu kubwa huhusu mifuko chini ya macho, mashavu yaliyoteremka hadi kwenye taya, ngozi inayoning'inia shingoni, na madoa meusi yaliyotapakaa mashavuni. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika kuamua, kwa kuwa kukaza uso hurekebisha taya na shingo vizuri, hurekebisha shavu kwa kiasi, na hakugusi kabisa madoa, mikunjo ya paji la uso wala mistari inayozunguka midomo. Mtu anayesumbuliwa na madoa, akapasuliwa kwa gharama kubwa, atarudi nyumbani na madoa yake yote.

Historia ya upasuaji huu ina zaidi ya miaka 120. Mpasuaji wa Kijerumani Eugen Holländer alieleza kwamba mwaka 1901 mjini Berlin alimkata mwanamke mmoja wa ukoo wa kikabaila wa Poland vipande vidogo vya ngozi karibu na masikio, kwa kuwa mwanamke huyo alimshikilia mpaka akakubali. Mtu aliyeupa upasuaji huo maana pana zaidi ni Suzanne Noël, daktari Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1878 na kufariki mwaka 1954, ambaye wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alijifunza kurekebisha nyuso za askari waliojeruhiwa, na baadaye akautumia ujuzi huo kwa wanawake wa kawaida wa Paris. Wengi waliomjia walikuwa wanaogopa kufukuzwa kazi, au walikuwa wameshafukuzwa, kwa sababu mwajiri aliwaona wamezeeka, na baadhi yao aliwapasua bila malipo. Kitabu alichokitoa mwaka 1926 kilijadili waziwazi nafasi ya upasuaji wa urembo katika jamii, na hoja yake kuu ilikuwa kwamba uso ni sehemu ya uwezo wa mtu wa kujipatia riziki. Inafaa hoja hiyo ikumbukwe kila mara mtu anapodai kwamba matakwa ya namna hii hutokana na kiburi peke yake.

Kwa miongo mingi baada ya Noël wapasuaji waliendelea kuvuta ngozi tupu, na matokeo yake yalikuwa kama shuka lililokazwa juu ya godoro lililobonyea: kwa miezi michache huonekana limenyooka, kisha hulegea tena, na wakati mwingine mvutano ule humwachia mgonjwa makovu mapana na mdomo uliopanuka isivyo kawaida. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1976, pale Vladimir Mitz na Martine Peyronie walipochapisha uchunguzi wao wa ule utando uliofungamana na misuli chini ya mafuta, wakaonyesha kwamba ukivutwa na kushonwa wenyewe, ngozi inaweza kurudishwa juu yake bila kukazwa kwa nguvu. Mbinu nyingi zinazotumika leo, pamoja na zile zinazofika chini ya utando huo, zimejengwa juu ya maarifa hayo, na mgonjwa anayezungumza na daktari ana haki ya kuuliza ni tabaka lipi litakaloguswa, kwa sababu jibu hilo ndilo linaloeleza muda ambao matokeo yatadumu na hatari zinazoandamana nayo.

Afrika Mashariki ina uhusiano wa karibu na historia hii kuliko wengi wanavyofahamu. Shirika linalojulikana leo kwa jina la Amref Health Africa, lenye makao makuu Nairobi, lilianzishwa mwaka 1957 kama huduma ya madaktari wanaosafiri kwa ndege, na waanzilishi wake watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, wote walikuwa wapasuaji wa plastiki, yaani wataalamu wa kuumba na kurekebisha upya ngozi na nyama za mwili. McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, alikuwa amejipatia sifa kwa kuwatibu marubani wa Uingereza walioungua nyuso na mikono katika Vita vya Pili vya Dunia, Wood alikuwa Mwingereza aliyefanya kazi Kenya, na Rees alikuwa Mmarekani wa New York. Wazo lao lilizaliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kutokana na kuona watu wenye makovu ya moto, majeraha ya wanyama na midomo iliyopasuka tangu kuzaliwa wakiishi mbali kabisa na hospitali yoyote. Rees huyo huyo, aliyekuwa akija Afrika Mashariki kushona majeraha ya wafugaji na wakulima, alikuwa nyumbani kwake miongoni mwa mabingwa wakubwa wa kukaza uso. Mikono iliyokaza mashavu ya wazee wa New York ndiyo iliyorekebisha nyuso za watu wa vijiji vya Kenya na Tanganyika, na jambo hilo linatosha kuonyesha kwamba upasuaji wa urembo na upasuaji wa kuponya ni fani moja yenye elimu moja, ingawa jamii huutukuza mmoja na kuutilia shaka mwingine.

Kwa Rees pia limetoka onyo ambalo lina maana ya pekee katika vilima vya Burundi. Mwaka 1984 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa waliokazwa uso, wakaonyesha kwamba mvuta sigara alikuwa na uwezekano wa takriban mara 12 zaidi ya asiyevuta wa kuona sehemu ya ngozi yake iliyoinuliwa ikifa na kudondoka. Sababu yake ni kwamba ngozi iliyotenganishwa na tabaka za chini huishi kwa siku kadhaa kwa damu kidogo inayopita kwenye kingo zake, na nikotini, ambayo ni kemikali ya tumbaku, huibana mishipa hiyo midogo. Wazee wengi wa mashambani, wanawake kwa wanaume, huvuta kiko au kunusa ugoro bila kujihesabu kuwa wavutaji sigara, na wakiulizwa hospitalini kama wanavuta sigara hujibu kwa ukweli kabisa kwamba hawavuti. Mpasuaji anayelifahamu eneo hili huuliza kuhusu tumbaku ya kila namna, na huagiza iachwe kwa wiki 4 au zaidi kabla ya upasuaji na kwa muda kama huo baada yake.

Ingekuwa makosa kusema kwamba wazee wa Burundi hawajawahi kupasuliwa usoni. Kwa miaka mingi upasuaji wa uso uliofanyiwa wazee wa vijijini ulikuwa wa kope, kutokana na ugonjwa wa trakoma, ambao Waswahili wengi huuita vikope. Bakteria wa ugonjwa huo hushambulia jicho tangu utotoni, na maambukizi yakirudiwa mara nyingi huacha kovu ndani ya ukope, mpaka uzeeni nywele za kope zinageukia ndani na kuikwaruza mboni kila mtu anapopepesa, jambo ambalo lisipotibiwa huishia upofuni. Tiba ya hatua hiyo ni upasuaji mdogo unaofanywa kwa ganzi, ambamo ukope hukatwa na kugeuzwa ili nywele zitazame nje. Burundi ilianza juhudi za kitaifa dhidi ya ugonjwa huo mwaka 2007, ikigawa dawa ya azithromaisini, ikihimiza kunawa uso na kutengeneza vyoo, na Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba nchi imeutokomeza kama tatizo la afya ya umma. Hayo ni mafanikio makubwa ambayo hayajasimuliwa inavyostahili, na yanathibitisha kwamba upasuaji wa uso wa mzee unaweza kupelekwa hadi kilimani pale serikali na wahisani wanapokubaliana kwamba una thamani.

Kati ya ukope wa trakoma na shavu linalokazwa kwa urembo pana eneo pana ambalo hospitali za kanda hii hukutana nalo mara nyingi. Ngozi ya ukope wa juu inaweza kulegea mpaka ikafunika sehemu ya mboni, na mzee akalazimika kuinua paji la uso au kidevu ili aone njia. Huyo ana tatizo la kuona, na kuikata ngozi hiyo kwa nusu saa chini ya ganzi humpa nafuu kubwa kwa hatari ndogo. Mwingine uso wake umepooza upande mmoja baada ya kiharusi au baada ya ugonjwa wa neva, mate yanamtoka na chakula kinamwanguka, na kuuinua upande huo kwa utando uliochukuliwa pajani humrudishia heshima ya kula pamoja na watu. Mtu mwenye ualbino aliyeondolewa uvimbe wa saratani kwenye shavu huhitaji ngozi ya kuziba pengo. Wote hao hutibiwa kwa mbinu za fani ile ile ya kukaza uso, na ni vizuri mzee wa Itaba anayelalamikia sura yake aanze kwa kupimwa macho, kwa mfano katika idara ya macho ya hospitali ya Kibuye Hope iliyo kusini mwa mji wa Gitega, kwa maana mara nyingine anachokiita uchovu wa uso ni kope zilizoshuka, au ni ugonjwa wa mtoto wa jicho unaomfanya akunje uso siku nzima.

Kuhusu umri wenyewe, utafiti uliopo unaondoa hofu moja na kuacha nyingine. Wapasuaji wa Cleveland Clinic nchini Marekani walichapisha mwaka 2011 ulinganisho wa wagonjwa 216 waliokazwa uso, kundi moja likiwa la walio chini ya miaka 65 na jingine la waliotimiza umri huo au kuupita, ambalo wastani wake ulikuwa miaka 70, na hawakukuta tofauti ya maana katika madhara kati ya makundi hayo mawili. Tafsiri ya matokeo hayo inahitaji uangalifu, kwa kuwa wazee waliopasuliwa walikuwa wamechujwa kwanza, waliokuwa na moyo dhaifu au mapafu mabovu wakazuiwa, na wote walitibiwa mahali penye wataalamu wa dawa za usingizi na vifaa vya kutosha. Kinachothibitika ni kwamba miaka 70 peke yake haimfungii mtu mlango. Kinachomfungia ni shinikizo la damu lisilodhibitiwa, kisukari kinachozuia vidonda kupona, dawa za kuzuia damu kuganda ambazo haziwezi kusimamishwa bila hatari, na maradhi ya moyo. Shinikizo la damu linastahili kutiliwa mkazo zaidi ya mengine, kwa sababu watu wengi wa Gitega na Muyinga huligundua siku wanapopimwa kwa ajili ya jambo jingine, na kwa mgonjwa wa uso ndilo chanzo kikuu cha damu kuvilia chini ya ngozi.

Kuvilia huko kwa damu ndiko dhara linalotokea mara nyingi kuliko yote. Kwa kawaida hutokea katika saa 24 za kwanza, na wanaume hupatwa zaidi ya wanawake, kwa kuwa ngozi ya ndevu ina mishipa mingi ya damu. Damu isipotolewa haraka, shinikizo lake huiua ngozi iliyo juu yake. Dhara la pili ni kuumia kwa neva, yaani mishipa ya fahamu. Neva ya uso hugawanyika katika matawi makuu 5 yanayoendesha paji, macho, mashavu, mdomo na shingo, na tawi likivutwa au kubanwa, nyusi haipandi au mdomo hupinda. Mara nyingi hali hiyo huisha ndani ya miezi kadhaa, na kwa wagonjwa wachache sana, chini ya 1 katika 100 kwa mikono ya wataalamu, hubaki daima. Ganzi ya sikio na ya ngozi ya shavu ni ya kawaida na hupungua taratibu. Kwa watu weusi kuna jambo la ziada, nalo ni keloidi, kovu linaloendelea kukua na kuvimba kupita mipaka ya jeraha, na shingo, taya na ndewe za masikio ni miongoni mwa sehemu linakopenda kuota. Mwanamke ambaye alitoboa masikio akapata vinundu anapaswa kumweleza daktari habari hiyo kabla ya kitu kingine chochote, na daktari anayelisikia hilo akalipuuza hafai kukabidhiwa uso wa mtu.

Baada ya hatari, mgonjwa anapaswa kuelezwa faida kwa kipimo cha kweli. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la upasuaji wa uso la Chama cha Madaktari cha Marekani uliwaonyesha watazamaji wasiojua lolote picha za wagonjwa 49 kabla na baada ya upasuaji wa uso, wakaombwa wakadirie umri na mvuto wao. Kwa wastani waliwaona wamepungua miaka 3.1, na hawakuona ongezeko la maana la mvuto. Wagonjwa wenyewe, kwingineko, kwa kawaida husema wameridhika sana na hujihisi wadogo kwa miaka mingi zaidi ya hiyo, na maoni yao si ya kudharauliwa, kwa kuwa mtu huishi ndani ya hisia zake. Lakini anayedhani kwamba atatoka chumba cha upasuaji na sura ya miaka 40 amedanganywa. Aidha uso huendelea kuzeeka siku inayofuata, na athari za upasuaji mzuri hufifia polepole katika muda wa takriban miaka 5 hadi 10. Gharama nazo zinatisha: nchini Marekani ada ya mpasuaji peke yake, kabla ya dawa za usingizi na chumba cha hospitali, kwa wastani hupita dola 11,000, ilhali pato la mtu kwa mwaka mzima nchini Burundi halifiki dola 300 kwa wastani. Hata pale mtoto aliye ughaibuni anapolipa, fedha hizo ni ada za shule za wajukuu kadhaa, na ni halali mzee kuliweka hilo kwenye mizani.

Wazee wengi wa Gitega ni Wakatoliki, na Muyinga, iliyo jirani na mpaka wa Tanzania, ina Waislamu wengi wanaozungumza Kiswahili, kwa hiyo swali la dini hufuata mara moja. Papa Pius XII alilijibu siku chache kabla ya kifo chake, katika hotuba yake ya tarehe 4 Oktoba 1958 kwa wapasuaji wa plastiki wa Italia, ambamo alifundisha kwamba upasuaji wa urembo kwa asili yake si wema wala uovu, na kwamba hukumu yake hutegemea nia, sababu na uwiano wa faida na hatari. Upande wa Kiislamu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilitoa azimio mjini Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, likaruhusu upasuaji wa kurekebisha kasoro, majeraha na madhara ya maradhi, na likakataza kuondoa makunyanzi ya uzee kwa upasuaji au sindano isipokuwa pale yanapotokana na ugonjwa na madhara yakiepukwa. Muumini anayetaka kufuata azimio hilo ana njia iliyo wazi kwa kope zinazoziba macho na kwa uso uliopooza, na anazuiwa katika lile la kujirudishia ujana.

Kuna pia swali ambalo mpasuaji mwenye busara huliuliza kabla ya kushika kisu: ni nani anayeutaka upasuaji huu, na kwa nini sasa? Katika vilima vya Burundi mzee mwenye hadhi ya umushingantahe, yaani mtu mwadilifu aliyekabidhiwa na jirani zake kazi ya kupatanisha na kuamua migogoro, hakupewa hadhi hiyo kwa ulaini wa mashavu, na mikunjo ya uso wake haijamnyang'anya kiti. Wanawake wa Paris wa Suzanne Noël hawakuwa na kinga ya namna hiyo, na Warundi wanaozeekea katika ofisi na maduka ya Ulaya au Canada hawanayo pia, kwa hiyo ombi la mtu wa Brussels na ombi la mtu wa Itaba huenda yakafanana kwa maneno na kutofautiana kwa chanzo. Mjane wa miezi 3 anayesema kwamba hautambui tena uso wake huenda anaomboleza, na anachohitaji ni muda na watu wa kukaa naye. Mama anayesukumwa na binti aonekane vizuri kwenye picha za harusi anabeba hamu ya mtu mwingine juu ya mwili wake. Lakini mzee mwenye afya, aliyetulia, anayejua anachotaka na kwa kiasi gani, ambaye amelifikiri jambo hilo kwa mwaka mzima na ana fedha zake, hana deni la kumweleza mtu yeyote sababu za ziada, na kumcheka ni kumkosea adabu.

Anayehitaji kulindwa zaidi ni yule ambaye hatafika kwa mpasuaji wa kweli. Katika miji ya Afrika Mashariki biashara ya urembo imekua kwa kasi kuliko usimamizi wake, na Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki jijini Nairobi kufuatia upasuaji wa kuondoa mafuta mwilini, jambo lililoifanya mamlaka inayosimamia madaktari Kenya kuifunga kliniki iliyohusika. Upande wa pili, mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, jijini Dar es Salaam, ilianza kutoa upasuaji wa kurekebisha maumbile kwa ushirikiano na wataalamu kutoka India, na kuingia kwa hospitali ya umma katika kazi hiyo ni hatua ya kupongezwa, kwa kuwa kunawapa wagonjwa mahali penye chumba cha wagonjwa mahututi na kumbukumbu zinazoweza kukaguliwa. Wengine wasio na fedha za upasuaji hugeukia krimu za kujichubua, ambazo nyingi huwa na haidrokwinoni au dawa za jamii ya steroidi. Hizo huifanya ngozi kuwa nyembamba, huiachia madoa mabaya zaidi, na mtumiaji wa muda mrefu akija kupasuliwa, jeraha lake hupona kwa shida. Mpasuaji anayeaminika hujulikana kwa usajili wake katika baraza la madaktari la nchi anamofanyia kazi na kwa shahada ya ubingwa wa upasuaji wa plastiki, na katika kanda hii ubingwa huo hutahiniwa pia na Chuo cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, chenye makao yake Arusha na ambacho Burundi ni mwanachama wake.

Linabaki jambo ambalo matangazo hayalitaji kamwe, nalo ni safari ya kurudi. Mgonjwa wa Itaba aliyepasuliwa Nairobi au Dar es Salaam hapaswi kupanda basi la kuelekea mpaka wa Kobero siku ya tatu, kwa kuwa damu ikivilia njiani au jeraha likioza hakuna wa kumsaidia kati ya kituo na kituo. Inampasa akae karibu na hospitali mpaka nyuzi zitolewe, kazi ambayo hufanyika kati ya siku ya 5 na ya 10, na kwa usalama zaidi atimize wiki 2, akilala kichwa kikiwa juu, akipimwa shinikizo la damu kila siku, na akiwa na ndugu anayeweza kukaa naye. Akirejea, asiiname kulima wala kubeba ndoo ya maji kichwani kwa wiki kadhaa, ajikinge na jua kwa kofia pana ili makovu yasigeuke meusi, na aende kwa daktari wa Gitega akiwa na ripoti ya upasuaji iliyoandikwa kwa Kifaransa, inayotaja tabaka zilizoshonwa, dawa alizopewa na namba ya simu ya mpasuaji. Keloidi ikianza, itajitokeza miezi kadhaa baadaye kwa mwasho na uvimbe nyuma ya sikio, na sindano za steroidi zinazochomwa mapema ndani ya kovu, na daktari anayelifahamu jambo hilo, huizuia mara nyingi, mradi mgonjwa awe ameelezwa dalili hizo kabla ya kuondoka hospitalini na awe na nauli ya kurudi iliyotengwa tangu mwanzo.